Mwaka Niliopika Mtukuru

Jumatatu, 19 Julai 2021

Leo Eliana amemchekea Felista kabla hajanichekea mimi. Tangu asubuhi nilikuwa namtekenya, nampulizia tumboni, namwimbia, ananitazama tu kama hakimu. Felista kaingia uani na ndoo yake kichwani, kasema "weee!" mara moja, mtoto kacheka mpaka akakwama pumzi.

Mama mkwe akasema, "Mtoto anajua mikono."

Mikono yangu ina nini? Nimemzaa, nimemnyonyesha miezi saba. Naandika humu kwa sababu nikimwambia mume wangu Antipasi atasema nina maneno mengi, na nikimwambia mtu mwingine litafika kisimani kabla yangu.

Felista ni mke wa Chediel, kaka yake Antipasi. Tunaitana wifi. Chediel yuko kwenye malori, anaonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Felista ana kidato cha nne, ni mhudumu wa afya wa kijiji, ana fulana yenye maandishi mgongoni. Mimi niliishia la saba. Kitu kimoja tu ninacho ambacho yeye hana, naye ndiye huyo aliyemchekea.

Nalijua jina la hiki ninachosikia. Ni wivu. Nimeliandika ili nisijidanganye.

Alhamisi, 22 Julai

Upepo tu. Vichwa vya alizeti vimeanza kukauka vizuri.

Jumapili, 25 Julai

Baada ya misa tumesikia kuna msiba Utemini, mjini, mtu wa kwaya ya zamani ya Mama mkwe. Kifua siku nne, akaondoka. Hakuna aliyetaja ugonjwa. Watu wanasema "changamoto ya kupumua", kama vile kupumua ni kazi ya ofisini.

Jioni Felista kaleta ndoo ya maji yenye koki, kaiweka mlangoni kwa Mama, na kipande cha sabuni kwenye soksi kimening'inizwa.

"Mama, kila anayeingia anawe. Na kushikana mikono tuache kwanza."

"Nisimshike mkono mtu aliyekuja kunisalimia? Nimpungie kama treni?"

Tumecheka wote. Mimi nimecheka zaidi, nimecheka hadi Felista akanigeukia. Halafu Mama kainuka na kunawa, polepole, kila kidole, kwa sababu ndoo ililetwa na Felista. Kama ningeileta mimi angeifugia vifaranga.

Jumatano, 28 Julai

Redioni wametangaza chanjo ya korona imezinduliwa. Wazee kwanza, wenye maradhi ya muda mrefu, na watu wa afya. Mama ana miaka sitini na mitatu na pumu yake ya kila kiangazi, vumbi likianza kifua kinapiga filimbi. Kwa hiyo redio ilikuwa kama inamtaja jina.

Felista kaja mbio. "Mama, umesikia? Sindano ni moja tu. Nitakupeleka mwenyewe."

Mama kazima redio. Akasema majirani wanasema ukichoma miaka miwili mbele huioni. Akasema mtoto wa shangazi yake kaona kwenye simu mtu kabandikwa kijiko begani kikanata. Felista akaanza kumjibu moja moja, kwa sauti ile ya semina, kijiko hakinati, miaka miwili ni uongo, na kadhalika. Nikaona uso wa Mama unachoka.

Hapo ndipo nilipoiona nafasi yangu. Sitasema nilikuwa naogopa sindano. Nimechomwa sindano zote za kliniki na Eliana hajakosa hata moja. Niliona tu mlango uko wazi na Felista hayupo mlangoni.

Nikasema, "Mama, usiende kama moyo hautaki. Hata mimi sichomi. Tutapiga nyungu, tujifukize mvuke, nitakuchumia mwarobaini mwenyewe."

Mama akaweka mkono gotini kwangu. "Wewe Editha tunaelewana."

Miaka miwili na nusu niko kwenye nyumba hii sijawahi kuambiwa hivyo. Nimeimba wakati naosha vyombo.

Jumanne, 3 Agosti

Nyungu ya tatu. Mama anasema kifua kimefunguka. Felista anapita, anajaza ndoo ya kunawia.

Jumamosi, 7 Agosti

Mama na Felista wamekwenda Ikungi na kuku sita. Nilitaka kwenda mimi. Mama akasema barabara ina vumbi, mtoto ataumia. Nimeshinda nageuza vichwa vya alizeti juani na Eliana mgongoni, najiuliza huko njiani wanazungumza nini.

Wamerudi saa kumi. Mama kamletea Eliana kofia ya sufu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mchovu, viungo vinauma, akasema ni upepo wa barabarani, akajilaza mapema. Nikamchemshia tangawizi, nikamkanda miguu. Felista alitaka kuingia, nikamwambia mlangoni, "Kalala, wifi. Mwache." Akanitazama kama anataka kusema kitu, akaenda zake.

Nimefurahi kwamba aliugua mikononi mwangu. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 11 Agosti

Mama kasema mwaka huu mtukuru wa kupigia alizeti nitapika mimi!

Niliandike vizuri jambo hili. Kwetu mtu hapigi alizeti peke yake. Unaalika majirani, wanakuja na fimbo zao, wanapiga vichwa juu ya turubai tangu asubuhi, na malipo yao ni chakula na mtukuru, pombe yetu ya mtama. Pombe ikiwa mbaya watu watakuja mwaka huo kwa heshima, mwaka unaofuata watakuwa na udhuru. Kwa hiyo anayepika ndiye anayeshika jina la nyumba. Mwaka jana na mwaka juzi alipika Felista.

Mama kasema mbele yake kabisa: "Felista ana kazi nyingi za serikali. Atapika Editha."

Felista kasema, "Sawa, Mama." Hakuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa. Hilo ndilo limeniudhi kidogo.

Jumamosi, 14 Agosti

Kimea kimeota vizuri, kina harufu tamu. Nimekianika na kulinda kuku wasikifikie. Felista kaja, kachuchumaa pembeni yangu, kampokea Eliana bila kuomba. Mtoto akamshika pua.

"Wifi, nina ombi. Siku ya kupiga alizeti, kila mtu aje na kikombe chake."

"Kikombe?"

"Tusizungushe kata moja. Hali si nzuri. Juzi kijiji cha pili wamezika wawili."

Kata ni kibuyu cha kunywea. Anaanza mzee kuliko wote, anampa anayefuata, inazunguka mpaka inarudi kwa mwenye nyumba. Ukimpa mtu kikombe chake peke yake ni kama umemwambia, wewe nakushuku.

"Ulipopika wewe watu walikunywa kwa kata. Nikipika mimi ndiyo wanywe kwa vikombe kama wagonjwa?"

"Wifi, sisemi kwa sababu unapika wewe."

"Basi unasema kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya Mama. Ana pumu."

"Mama mimi namjua. Nipe mwanangu."

Nikamchukua. Eliana akalia, si kunililia mimi, alilia huku ananyoosha mikono kwa Felista. Nimempiga kofi dogo la mkononi. Halafu nikalibusu lile kofi mpaka akanyamaza. Sijawahi kumpiga.

Alhamisi, 19 Agosti

Siku yenyewe. Nimechoka ila nisipoandika sitapata amani.

Walikuja watu kumi na wanane. Upepo ulikuwa mzuri wa kupepetea, makapi yalikuwa yanaruka mpaka barabarani. Wanaume wanapiga, sisi tunapepeta, nyimbo zinakwenda. Felista alivaa barakoa, yeye peke yake. Wanawake wakamtania.

"Mama Daktari, unaogopa alizeti itakuuma?"

"Naogopa midomo yenu," akasema, watu wakacheka. Anajua kujibu, hilo simnyimi.

Saa sita nikaleta mtukuru. Mzee Abraham, jirani yetu mwenye ng'ombe, ndiye mkubwa kuliko wote. Akapokea kata, akanywa, akafumba macho. Wote tunamtazama. Akasema, "Nani kapika hii?" Mama akasema, "Mke wa Antipasi." Mzee akasema, "Mwakani nitakuja hata kama sijaalikwa."

Jamani. Nilisikia joto mpaka masikioni.

Kata ikazunguka. Ikafika kwa Felista, akaipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote, akampa wa pembeni bila kunywa. Akatoa kikombe chake cha bati mfukoni. Na Mama naye, kata ilipofika kwake, akasema, "Mimi leo kifua kinakataa pombe," akaipitisha.

Wanawake wakaanza. Pendo, mke wa mwenyekiti wa kitongoji, akasema, "Hawa waliochanjwa wana siri. Eti Felista, ni kweli inafunga kizazi?"

Felista akasema, "Si kweli. Ni maneno ya mtaani."

Na mimi, sijui nani alinisukuma. Hapana, najua. Nilikuwa nimesifiwa, nilikuwa na pombe kidogo kichwani, na Eliana alikuwa amelala mapajani kwa Felista tangu asubuhi, katulia kama yupo kwao. Nikasema kwa sauti ya kuchekesha:

"Wewe wifi uogope nini? Utafungwa nini na hakuna kilichowahi kufunguka?"

Pendo alicheka peke yake, kisha akaacha. Fimbo zikasimama. Felista hakujibu, yeye anayejua kujibu. Akaniletea Eliana, akamweka mikononi mwangu taratibu asiamke, akachukua ungo wake, akaenda kupepeta upande wa mbali mpaka jua likashuka.

Miaka sita ya ndoa yake bila mtoto. Mimi nalijua lile jeraha kwa sababu aliwahi kunionyesha mwenyewe, siku niliyotoka kujifungua, alipokuwa ananikanda kwa maji ya moto.

Ijumaa, 20 Agosti

Magunia ishirini na mawili. Mama hajanikemea. Alipokuwa anafunga gunia la mwisho akasema, bila kunitazama, "Alizeti ikichafuka inapepetwa. Neno halipepetwi."

Jumanne, 24 Agosti

Antipasi anakohoa. Mzee Abraham hakutoka na ng'ombe leo.

Alhamisi, 26 Agosti

Nimeamka na homa. Chakula hakina harufu, hata kitunguu. Nimemlaza Eliana mbali kidogo, analia.

Jumamosi, 28 Agosti

Mzee Abraham amefariki. Sina nguvu ya kwenda.

Alhamisi, 9 Septemba

Ndiyo kwanza nashika kalamu. Naandika kidogo, napumzika, naendelea.

Jumapili ile ya tarehe 29 nilishindwa kumaliza sentensi. Antipasi yake ilikuwa mafua tu, mimi ndiye niliyebanwa. Felista alinitazama kucha, akanitazama midomo, akapiga simu, ikaja bajaji. Kwenye kituo cha afya wakaniwekea hewa ya mtungi siku tano. Nakumbuka sauti ya maji yanayobubujika kwenye ile chupa, na nakumbuka niliwaza: Eliana yuko mikononi mwake sasa, mzima mzima, na nikifa atabaki huko, naye hatajua kwamba kulikuwa na mwingine. Sikuogopa kaburi kama nilivyoogopa hilo.

Aliyekaa na mimi alikuwa Mama. Alikuja na barakoa, akanilisha uji kwa kijiko. Siku ya tatu nilipopata sauti nikamwambia, "Mama, ondoka. Utaambukizwa. Una pumu."

Akaendelea kukoroga uji.

"Mimi nimechanja, mwanangu."

Nilidhani homa ndiyo inasema.

"Lini?"

"Ile siku ya kuku. Ikungi. Felista alinipeleka."

Kofia ya sufu. Viungo kuuma. Mimi kumkanda miguu na kujivuna, kumbe nakanda sindano ya Felista.

Mwingine angeshukuru. Kifua kile kingekuwa hakijachanjwa pengine tungekuwa tumemzika na yeye pamoja na mzee Abraham. Najua hivyo leo. Lakini pale kitandani, na bomba puani, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa: walikuwa na siri. Wawili wao, njia nzima kwenda na kurudi, na mimi nyumbani nageuza alizeti.

Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

Mama akaweka bakuli chini. "Ningekuambiaje? Ulikuwa umefurahi sana kuwa upande wangu. Unanichumia mwarobaini, unaimba. Nikasema, huyu mtoto nikimwambia nimekwenda na mwenzake, nitamvunja. Felista alitaka tukuambie siku ile ile. Mimi ndiye niliyekataa. Na mtukuru nilikupa kwa sababu hiyo hiyo, nikuoneshe kwamba nakuona." Akachukua kijiko, akakirudisha. "Nilikosea. Ningesema, wewe na mzee Abraham mngekunywa kwa vikombe. Niliogopa kukuudhi, na nikaogopa watu waseme mama mkwe anaringa. Nikasema kifua kinakataa pombe, nikajiokoa peke yangu."

Alikuwa analia ndani ya barakoa, ikawa inaloa. Sikujua machozi ya mkwe yanafutwaje. Nikamshika mkono tu.

Nani alileta ugonjwa kwenye ile kata hakuna anayejua. Watu kumi na wanane, sita waliugua, mmoja amekufa. Nilipika mimi. Na nilikataa vikombe mimi.

Jumapili, 12 Septemba

Nimeruhusiwa tangu Ijumaa ya tarehe 3, nikakaa chumbani peke yangu, leo ndiyo nimetoka nje kukaa juani. Felista kamleta Eliana, kamweka kwenye mkeka hatua tatu kutoka kwangu. Mtoto akanitazama. Akamtazama Felista. Akamtambalia Felista.

Ameanza kutambaa. Ameanza mimi sipo.

Felista akamgeuza, akamwelekeza kwangu, akajificha nyuma ya mlango. Eliana akabaki katikati, mdomo unatetemeka. Nikanyoosha mikono, nikamwita jina lile la utani la kunyonya. Akaja. Polepole, kama anayevuka mto, lakini akaja. Maziwa yamebaki kidogo sana, akanyonya hivyo hivyo, kanishika kidole kimoja.

Nikamwambia Felista atoke mlangoni. Nikasema, "Wifi, lile neno nililosema siku ya alizeti."

"Lile."

"Nisamehe."

Akakaa chini, mbali kidogo. "Nimeshakusamehe kwa sababu ulikuwa unakufa. Sasa hufi tena, itabidi nianze upya." Nikadhani anatania. Hakuwa anatania sana. "Nipe muda, Editha. Liko hapa." Akagusa chini ya titi.

"Umemlisha nini mwanangu?"

"Uji na maziwa ya mbuzi. Siku tatu za kwanza alikataa. Alikuwa anatambaa mpaka mlangoni kwako, anaugonga kwa kiganja. Mlango mtupu. Nilikuonea wivu, wifi. Uko kitandani huna pumzi, na mimi nakuonea wivu mpaka nalia naye."

Nilidhani hiki kitu ni changu peke yangu.

Jumamosi, 18 Septemba

Arobaini ya mzee Abraham bado, lakini wanawake wamekwenda kumsaidia mjane kupepeta uwele. Nimekwenda. Pendo kaja na kikombe chake. Hakuna aliyemcheka.

Mjane kanipa maji kwa mkono wake, akasema, "Alisifu pombe yako mpaka jioni ile." Nililia, akanikumbatia yeye. Ilitakiwa iwe kinyume.

Jumanne, 28 Septemba

Leo nimekwenda Ikungi peke yangu. Nyumbani nimesema nakwenda kununua chumvi na dawa ya kuku. Sasa hawachagui tena wazee, kila mwenye miaka kumi na minane anachanjwa. Felista ameshaniambia mara mbili kwamba nikipona vizuri nichome, na kwamba anayenyonyesha anaruhusiwa. Mara zote mbili nilisema, "Tutaona."

Nesi kaniuliza kama nimesindikizwa. Nikasema hapana. Kauliza kama naogopa. Nikasema naogopa, lakini si sindano. Akacheka, akachoma, nikapewa cheti, nikakikunja kwenye upindo wa kanga.

Njia nzima nilikuwa natembea kama niliyeiba. Nilitaka na mimi niwe na siri. Wao walikuwa na ya kwao mwezi mzima, nami nikae na yangu angalau wiki, nijue utamu wake ukoje. Nimefika, nimetoa chumvi, nimetoa dawa ya kuku. Mama kaniuliza habari za Ikungi, nikasema njema. Eliana alikuwa mgongoni kwa Felista, kalala, na nimemwacha huko huko. Kidogo limeuma, si kama zamani.

Jioni ilikuwa zamu yangu ya kusonga ugali. Ulipoanza kukaza bega likagoma. Nikahamishia mwiko mkono wa kushoto, ukawa unakwenda upogo kama wa mtoto. Mama alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. Felista alinitazama bega, akanitazama uso, akatazama pakiti ya chumvi pale dirishani. Kopo la chumvi ya zamani lilikuwa bado limejaa.

Felista akainuka. Akaja jikoni, akasimama pembeni yangu.

"Lete," akasema.

Nikampa mwiko.